Kutafuta na kuchuja wateja wa abonema: maswali ambayo biro za Bukavu huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa gishe, makeshia, mafundi na wasimamizi wa biro zinazoishi kwa abonema: intaneti ya nyumbani, televisheni, kubeba taka, gimu na nyinginezo. Programu za kazi hii ni nyingi na zinatofautiana sura, na hapa kwetu nyingi zinaonekana kwa Kifaransa, kwa hiyo sitaeleza kitufe kimoja kimoja. Maswali yamepangwa jinsi yanavyokuja kazini. Majina ya wateja ni ya mfano tu.

Kutafuta na kuchuja, si kitu kimoja?

Hapana. Unatafuta pale unapomjua mtu na unataka faili lake. Unachuja pale unapojua hali lakini huwajui watu: nani wa Kadutu ambaye abonema yake inaisha wiki hii?

Tofauti hiyo ina matokeo yake. Kisanduku cha kutafuta hupekua maandishi, hivyo kinaweza kumpata mtu hata kama fomu yake ilijazwa ovyo, mradi neno lipo mahali fulani. Kichujio hakina huruma hiyo. Kinauliza sehemu moja maalum ya fomu, na kama aliyemwandikisha mteja alitia komini kwenye sehemu ya maoni, basi kwa kichujio mteja huyo hana komini.

Mteja amesimama mbele yangu gisheni na foleni ni ndefu. Nianze na nini?

Namba ya simu, tena tarakimu sita za mwisho tu. Adabu inataka umwite mama au papa kwa jina lake, na umwite. Lakini kwenye kisanduku andika namba. Ukiandika "Bahati" au "Furaha" utaletewa kurasa nzima za watu, na mteja ataanza kukuangalia kana kwamba hujui kazi. Tarakimu sita zina michanganyiko milioni moja, kwa hiyo katika faili la wateja elfu chache ni nadra watu wawili kugongana. Faida ya pili ni kwamba unakwepa fujo yote ya mwanzo wa namba, ambayo nitaieleza swali linalofuata.

Usimuulize "namba yako ni ipi?" Atakupa ile anayotumia leo. Uliza: "Ulijiandikisha kwa namba gani?" Watu wengi hapa wana laini mbili au tatu mfukoni, na ile ya fomu inaweza kuwa iliyokufa zamani.

Namba ikishindikana, nenda kwenye namba ya mkataba au namba ya kifaa. Kwa intaneti, anwani ya MAC iliyobandikwa chini ya ruta haikosei, ila watu huisoma vibaya. Ina alama 12, tarakimu kutoka 0 hadi 9 na herufi kutoka A hadi F basi. Herufi O haimo kabisa: ukiona duara, ni sifuri. B na 8 ndizo za kuangaliwa kwa makini, hasa kibandiko kikishaliwa na unyevu. Jaribu pia kwa nukta pacha na bila nukta pacha, maana programu nyingine huzihifadhi na nyingine huziondoa.

Jina ni chaguo la tatu.

Nimeandika namba nzima bila kosa, programu inasema mteja hayupo. Kwa nini?

Kwa sababu namba moja inaweza kuwa imeandikwa kwa namna nyingi: tarakimu kumi zinazoanza na 0, au 243 mbele bila sifuri, au +243, au 00243, na yote hayo kwa nafasi katikati, kwa nukta, au kwa vistari. Programu isiyosawazisha namba inaona hizo kama namba tofauti.

Dawa ya kudumu ni kuweka zote kwa mtindo wa kimataifa, ule ambao Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliuita E.164: alama ya kujumlisha, kodi ya nchi, kisha namba bila sifuri ya mbele na bila nafasi, jumla isizidi tarakimu 15. Kwa Kongo ni +243 na tarakimu tisa. Msimamizi anaweza kufanya usafi huo mara moja kwa faili zima, halafu akafunga mlango kwa kulazimisha fomu ikatae namba isiyofuata mtindo.

Lakini asilazimishe +243 kwa kila mtu. Rusizi iko ng'ambo ya mto tu, na wapo wateja wa Bukavu waliojiandikisha kwa laini ya Rwanda inayoanza na +250. Nimeona usafi wa namna hiyo ukigeuza namba za Rwanda kuwa namba za Kongo zisizokuwepo, na baada ya hapo hakuna SMS iliyofika.

Jambo jingine dogo: kama mteja ana namba mbili, usiziandike kwenye sehemu moja kwa mstari wa mkwaju katikati. Kutafuta kutaweza kukubali, lakini kutuma ujumbe na kuchuja vitakwama. Sehemu ya "simu ya pili" ipo kwa kazi hiyo, na kama haipo, iongezeni.

Mteja ni Cirhuza. Nimeandika Chiruza, nikaambiwa hakuna matokeo. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la Bukavu hasa. Majina ya Bashi, wenyeji wa Bukavu na kandokando yake, huandikwa kwa c pale ambapo mkono uliozoea Kiswahili utaandika ch, na kwa rh pale ambapo sikio la wengi linasikia r tu. Cirhuza, Murhula, Cibalonza, Cishugi: kila moja lina namna mbili au tatu, kutegemea nani alijaza fomu na kama mteja alitoa kitambulisho au alitamka tu dirishani. Aliyezoea majina ya Kasai atakuandikia Tshibalonza bila kusita. Na l na r zinabadilishana kila siku.

Njia ya haraka ni kuandika kipande cha jina kisicho na ubishi. Kwa Cirhuza andika "uza", kwa Cibalonza andika "balonza", kwa Cishugi "shugi". Programu nyingi hutafuta neno popote lilipo ndani ya jina. Kama yenu hutafuta mwanzo wa jina tu, angalia kama kuna chaguo la "ina" badala ya "inaanza na". Kipande kifupi kitaleta watu wengi, ndiyo. Ongeza komini au jina la kwanza na orodha itapungua.

Programu nyingine zina utafutaji wa kukadiria. Namna moja huhesabu mabadiliko ya herufi kati ya neno uliloandika na lililohifadhiwa. Kipimo hicho kina jina la Vladimir Levenshtein aliyekieleza mwaka 1965. Kutoka Cirhuza hadi Chiruza ni mabadiliko mawili: ongeza h moja, ondoa h nyingine. Ukiruhusu tofauti ya herufi mbili utampata. Ila usiiache hivyo kwa majina mafupi, maana kwa tofauti hiyohiyo Bora anageuka Rosa.

Namna nyingine ni Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu na h, kisha inageuza konsonanti kuwa tarakimu. Ilitungwa kwa majina ya Kiingereza, lakini kwa bahati inaelewana na Bashi kuliko ungetarajia: Cirhuza na Chiruza zote zinakuwa C620, na Murhula na Murula zote M640. Inashindwa mahali pawili. Ukiandika Murhura inakuwa M660, kwa sababu l na r zina tarakimu tofauti. Na Tshibalonza inaanza na T, kwa hiyo haitakutana kamwe na Cibalonza, C145. Mimi nikilazimika kuchagua, nachagua kipande cha jina kuliko hizi zote mbili, kwa kuwa keshia anaelewa kwa nini kimempata mtu au hakikumpata.

Dawa ya mzizi ni kuandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kuongeza sehemu ya "jina lingine" ambapo mnatia namna watu wanavyolitamka. Mteja anaitwa Papa Chiru na mtaa mzima? Liandike hapo.

Mpangilio wa majina je? Kitambulisho kinaanza na jina la ukoo, simu inaanza na jina la ubatizo.

Tangu siasa ya uhalisia ya Mobutu, 1972, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku na watu wakachukua postnom (jina la asili linalofuata jina la ukoo), Mkongomani anaishi na majina matatu hata baada ya marufuku yale kwisha. Programu zilizotengenezwa kwingine zina sehemu mbili tu, jina na jina la ukoo. Biro moja inaunganisha nom (jina la ukoo) na postnom, nyingine inaunganisha postnom na prénom (jina la ubatizo), na ndani ya biro hiyohiyo wafanyakazi wawili wanafanya tofauti.

Kwa hiyo ukitafuta jina, andika neno moja tu, lile lililo adimu zaidi. Ukiandika yote matatu kwa mfuatano, programu isiyotenganisha maneno itatafuta mfuatano huohuo herufi kwa herufi, na nafasi moja ya ziada inatosha kuiangusha.

Majina yenye alama: M', é, ç?

Majina ya wanawake yanayoanza na M' yana mtego. Ordinatere huandika alama hiyo ikiwa imenyooka, simu nyingi huiandika ikiwa imepinda, na kwa programu hizo ni alama mbili tofauti. Ruka M' kabisa, tafuta kinachofuata. Kwa Espérance andika "Esp", kwa Françoise andika "oise". Programu nzuri hupuuza alama hizi zenyewe, lakini usiweke dhamana.

Mteja ni kanisa, shule au shirika.

Tafuta kwa kifupisho, halafu kwa jina refu, halafu kwa namba ya yule anayekuja kulipa. Mara nyingi utampata kwa hiyo ya tatu.

Ninataka kuchuja kwa kartiye, lakini anwani ni "nyuma ya kanisa, shuka ngazi, mlango wa bluu".

Anwani hiyo ni nzuri kwa fundi. Usiidharau wala usiifute; bila hiyo atazunguka mlima mzima na ngazi begani. Lakini haichujiki. Unahitaji vitu viwili kando kando: orodha ya kuchagua kwa komini na kartiye, na sehemu huru ya maelezo ya njia.

Orodha ya kuchagua, narudia, si kuandika kwa mkono. Mkiacha watu waandike, mtapata Cimpunda, Chimpunda na Cimpunda yenye nafasi mwishoni ambayo kibodi ya simu imeiongeza yenyewe, na kichujio kitazihesabu kama kartiye tatu. Ibanda, Kadutu na Bagira ziwe kwanza, kisha kartiye zionekane kulingana na komini iliyochaguliwa. Majina ya avenyu yanarudiwa sehemu mbalimbali za mji, kwa hiyo kuchuja kwa avenyu peke yake kunadanganya. Na majina ambayo watu huyasema kuliko ya serikali, kama Essence, Nguba, Nyawera au Major Vangu, yawekwe kama alama ya eneo, kwani mteja atakutajia hayo.

Mafundi wenye simu za kuchukua mahali kwenye ramani wafanye hivyo siku ya kufunga kifaa. Bukavu iko karibu na latitudo -2.5 na longitudo 28.8, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kukagua. Ukizigeuza, mteja wako wa Panzi atakuwa jangwani Algeria. Ukisahau alama ya kutoa, atahamia upande wa Mungbere, Haut-Uélé. Chuja wote ambao latitudo yao ni kubwa kuliko sifuri na utaona ni wangapi wamehama bila kujua.

Nimechuja "Kadutu na Bagira", nikapata sifuri. Inawezekanaje?

Umemuuliza ordinatere watu wanaoishi Kadutu na papo hapo wanaishi Bagira. Hakuna. Katika mazungumzo tunasema "na" tukimaanisha wote wa huku pamoja na wote wa kule, lakini katika kichujio hiyo ni AU. NA inapunguza orodha, AU inaiongeza.

Mtego mbaya zaidi unakuja unapochanganya. Ukiandika Kadutu AU Bagira NA inaisha wiki hii, programu nyingi hufunga NA kwanza. Utapewa watu wote wa Kadutu, waliolipa na wasiolipa, pamoja na wale wa Bagira tu ambao muda wao unaisha. Halafu SMS ya kukumbusha inaenda kwa mama aliyelipa jana, naye anapanda gisheni na risiti mkononi. Weka komini mbili ndani ya kikundi kimoja, ama kwa mabano ama kwa kuchagua zote mbili kwenye sehemu moja ya komini, kisha uongeze sharti la tarehe nje ya kikundi.

Na "si Ibanda"?

Hapa hata wazoefu hujikwaa. Kichujio cha "komini si Ibanda" katika programu nyingi hakileti wale ambao komini yao haijajazwa. Kwa hifadhidata, pasipo kitu hapafanani na Ibanda wala hapatofautiani nayo. Hapajulikani, basi panaachwa nje. Ongeza AU komini ni tupu. Kisha wape watu wa gishe hiyo orodha ya tupu wakaijaze wateja wakija kulipa.

Nimechuja wateja hai. Mbona kuna watu tuliowakatia laini?

Uliza kwanza: hai nini? Kuna hali ya mteja na kuna hali ya abonema. Mtu mmoja anaweza kuwa na abonema ya nyumbani iliyosimamishwa na ya duka inayoendelea. Yeye ni mteja hai, sahihi kabisa. Ndiyo pia sababu hesabu ya wateja na hesabu ya abonema hazilingani, na hazitakiwi kulingana. Mkurugenzi akiuliza "tuna wateja wangapi?", mwulize anataka ipi kabla hujampa namba itakayobishaniwa mwezi mzima.

Pili, hali hubadilishwa na kazi inayojiendesha, mara nyingi usiku. Umeme ukikatika na mashine ikazimika saa hiyo, aliyemaliza muda jana bado anasomeka hai leo asubuhi. Kwa kutoza madeni au kukata, usitegemee neno "hai". Chuja kwa tarehe ya mwisho wa abonema, ambayo haisubiri mtu aiamshe.

Tatu, tofautisheni kusimamishwa na kufungwa. Kwa mji ambao watu wengi wamehama na kurudi tangu 2025, hili si jambo la karatasi. Aliyefunga nyumba akaondoka bila kujua atarudi lini asiandikwe "Résilié", yaani mkataba umefungwa, na kuchanganywa na aliyekuja kurudisha ruta. Wa kwanza utampigia simu hali ikitulia. Wa pili ukimpigia utamkera. Kama programu yenu ina hali mbili tu, ongeza lebo ya sababu: amehama, deni, ombi lake, kifaa kimeharibika. Lebo hizo ndizo zitakazokupa kitu cha kuchuja baadaye.

Kichujio cha tarehe kinaacha watu wa siku ya mwisho. Kwa nini?

"Hadi tarehe 31" kwa programu nyingine maana yake ni mpaka tarehe 31 inapoanza, saa sita kamili za usiku. Malipo yote ya siku hiyo yanaachwa nje. Jaribu "kabla ya tarehe 1 ya mwezi unaofuata", haina utata.

Halafu kuna saa. Bukavu iko saa mbili mbele ya saa ya ulimwengu (UTC), Kinshasa saa moja. Programu iliyoachwa kwenye saa ya ulimwengu itaandika malipo yaliyoingia Bukavu kati ya saa sita na saa nane za usiku kama ya jana. Kwa siku za kawaida hutaona. Utaona usiku wa kuamkia tarehe moja, keshia anapofunga mwezi na fedha hazikubaliani na orodha. Mipangilio ina mahali pa kuchagua saa. Chagua Lubumbashi, maana katika orodha hizo Kongo huwa na miji miwili tu, Kinshasa na Lubumbashi, na sisi tunafuata saa ya Lubumbashi.

Tarehe 03/04 ni Aprili kwetu, lakini ni Machi kwa programu iliyoachwa kwa mtindo wa Marekani. Kosa hili hujificha siku 12 za mwanzo za kila mwezi, kisha tarehe 13 inakataliwa na watu wanasema programu imeharibika.

Nikichuja deni linalozidi 20, napata karibu kila mtu.

Ishirini ya nini? Tunatoza kwa dola na tunapokea kwa faranga, na namba peke yake haisemi ni ipi. Weka sharti la sarafu kwanza, kisha kiasi. Msibadilishe madeni ya zamani kwa kiwango cha leo ndani ya kichujio. Kiwango cha siku ya fakture kihifadhiwe kwenye fakture yenyewe.

Mtu ameonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu, lakini jina lake halimo kwenye wateja.

Kwa sababu hayumo. Aliyelipa ni mtoto aliye Kinshasa, au jirani mwenye salio, au ajenti wa kibanda. Acha orodha ya wateja, nenda kwenye orodha ya malipo, tafuta kwa namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Inakiliwe kama ilivyo, herufi na tarakimu, na isome kwenye simu yenyewe. Picha ya skrini iliyotumwa mara tatu haisomeki vizuri, na kuna waliojifunza kuihariri.

Ukishampata, andika jina na namba ya mlipaji kwenye faili la mteja. Mwezi ujao atalipa yuleyule. Na kama bado mna kichujio cha "njia ya malipo: benki", kifungueni: tangu benki za Bukavu zilipofunga milango Februari 2025, wale waliobaki humo ndio wanaohitaji kupigiwa simu na kuelezwa njia nyingine.

Kuna mtu mmoja mara mbili. Nifute mmoja?

Usifute. Unganisha. Ukifuta, historia ya malipo inaenda nayo, na siku ya ubishi hamna ushahidi. Bakiza faili la zamani lenye malipo, hamishia abonema mpya humo. Kuwapata wa hivi, panga orodha nzima kwa namba ya simu na uangalie zinazofuatana zikifanana. Ila angalia: baba na mtoto wenye namba moja si mtu mmoja.

Kichujio nilichohifadhi Machi kinaleta watu wa Machi hadi leo.

Ulihifadhi tarehe, hukuhifadhi wazo. Badilisha "kati ya 1 na 31 Machi" iwe "mwezi huu" au "siku 7 zijazo". Kinyume chake pia kipo: kama unataka kumbukumbu ya waliokuwa na deni siku fulani, kichujio hakifai, kwa kuwa kinajibu upya kila ukikifungua. Toa orodha na uihifadhi na tarehe yake.

Nikitoa orodha kwenda Excel, namba za simu zinaharibika.

Excel inaona namba ndefu inafikiri ni hesabu. Inakula sifuri ya mbele, na namba ya tarakimu 12 inayoanza na 243 inaionyesha kama 2,43E+11. Usilifungue faili kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya data na useme safu ya simu ni maandishi. Hapo hapo chagua UTF-8, mtindo wa kusoma herufi zenye alama, la sivyo Espérance atatoka na alama za ajabu katikati. Na kama kila kitu kimejazana safu moja, ni kitenganishi: ordinatere yenye mipangilio ya Kifaransa inatarajia nukta mkato, programu imetoa mkato.

Nani aruhusiwe kuona na kutoa orodha hizi?

Wachache kuliko mnavyofikiri. Kongo ina Sheria ya Dijitali, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na humo data za watu binafsi zimelindwa. Lakini hata bila sheria, fikiria kilichomo katika orodha moja: majina, simu, mahali nyumba ilipo hadi mlango wa bluu, na nani hulipa bei ya juu. Kwa mji wetu, karatasi hiyo haifai kuzunguka kwenye vikundi vya WhatsApp. Fundi anahitaji jina, simu na njia ya kufika kwa kazi za leo, hahitaji madeni. Keshia anahitaji madeni, hahitaji ramani. Haki ya kutoa faili zima ibaki kwa mtu mmoja au wawili, na programu iandike nani ametoa nini na lini.

Kutafuta kunachukua muda mrefu mno.

Intaneti ikiwa dhaifu, andika herufi tatu au zaidi kabla ya kubonyeza, na uzime kutafuta kila herufi kama inawezekana. "Inaanza na" huenda haraka kuliko "ina", kwa kuwa ya kwanza hufuata faharisi na ya pili husoma kila mstari. Punguza pia safu zinazoonyeshwa.

Kabla ya kutuma SMS au kukata watu wa orodha, nikague nini?

Hesabu kwanza. Kama mwezi uliopita mlikata watu 40 na leo kichujio kinasema 900, simama. Kisha soma majina kumi ya juu na kumi ya chini, fungua mafaili mawili matatu na uangalie malipo ya mwisho. Panga kwa tarehe ya malipo: aliyelipa leo akitokea juu, sharti moja limekosewa. Ujumbe ukishatoka haurudi.

Nimefungua programu asubuhi, wateja wote hawapo. Wamefutwa?

Karibu kamwe. Angalia juu ya orodha: kichujio cha jana bado kimewashwa, au kisanduku cha kutafuta kina neno, au nafasi tupu tu. Futa masharti yote. Kisha angalia tawi lililochaguliwa. Aliyetumia mashine hii jana huenda aliacha Uvira. Kisha angalia kama unaona wateja waliohifadhiwa kando tu. Bado sifuri? Muulize mwenzako afungue kwa akaunti yake kwenye simu. Akiwaona, ni haki zako zimebadilishwa, na hilo ni la msimamizi. Asipowaona naye, usiingize mteja yeyote mpya mpaka msimamizi aseme.